Kitambaa cha Manjano cha Darasa la Sita

Siku niliyoripoti kazini mara ya kwanza, mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo wa stoo ya sayansi kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mahari. Ilikuwa shule ndogo ya msingi upande wa Mkwaja, yenye vyumba vinne vya madarasa na mnazi mmoja uliopindia kwenye paa la ofisi. Mimi nilikuwa kijana wa Kisambaa niliyetoka chuo cha ualimu na shati jipya, na bahari nilikuwa nimeiona mara mbili tu maishani. Nikafungua stoo ile moyo ukinidunda. Ndani nikakuta majembe, ngoma ya mchakamchaka, na sanduku la mbao lililoandikwa SAYANSI kwa rangi nyeupe. Katika sanduku mlikuwa na lenzi moja yenye ufa, kipimajoto kilichovunjika, na panya aliyekuwa amezaa. Basi nikajisemea kwamba angalau somo la viumbe hai tunalo.

"Kijana," mwalimu mkuu akaniambia, "sayansi hapa tunaichora ubaoni. Mwalimu akichora vizuri, watoto wanafaulu."

Hakuwa akitania. Yeye alikuwa Mbondei mtaratibu, mwenye mwandiko mzuri kuliko mwalimu yeyote niliyefanya naye kazi, na aliweza kuchora moyo wa binadamu kwa chaki za rangi mpaka ukatamani kuugusa. Watoto walinakili, wakakariri, wakafaulu wachache. Vijana wa leo mnaofundisha huku mmeshika simu yenye video ndani yake mtaona maajabu, lakini ndivyo ilivyokuwa. Tulifundisha joto bila moto na maji bila kikombe.

Kazi yenyewe ilikuwa na makaratasi yake, na makaratasi hayo hayajafa hata leo. Kulikuwa na azimio la kazi, yaani orodha ya utakachofundisha muhula mzima, wiki kwa wiki. Kulikuwa na andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, wenye kisehemu cha kuandika zana utakazotumia. Wenzangu wengi kwenye zana waliandika "ubao na chaki" mwaka mzima. Mimi nilikuwa na kiburi cha ujana, nikaapa kwamba maneno hayo sitayaandika.

Nilianza na makopo. Nilizamisha kopo tupu kichwa chini ndani ya ndoo ya maji, na ndani yake nimebandika karatasi. Kopo likatoka, karatasi ikiwa kavu, nikawauliza ni nani aliyeyazuia maji yasiingie. Siku nyingine nilitoboa kopo matundu matatu ya juu, kati na chini, watoto wakaona tundu la chini likirusha maji mbali kupita yote. Kabla ya muhula kwisha kijiji kizima kilikuwa kikiniita Mwalimu Makopo, na mke wa mwenyekiti wa kijiji akawa ananiwekea makopo ya maziwa. Jina lile nililipenda, sitasema uongo.

Nilikuwa na mbinu yangu nyingine, niliyoiokota kwa mkufunzi wangu chuoni. Jambo nililionyesha mwishoni mwa kipindi cha mwisho, kisha sikutoa jibu. Niliwaambia, "Kalaleni nalo. Kesho nitawaambia." Mkufunzi alikuwa akisema mtoto aliyeshiba jibu hafikiri. Na kweli, asubuhi watoto waliwahi shule wakibishana njiani, kila mmoja na jibu lake. Aliyekuwa mbele ya wote ni Mwanahamisi, mtoto wa darasa la sita, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Nikiuliza nani atanishikia kopo, mkono wake ulikuwa juu kabla sijamaliza sentensi. Babake, Mzee Athumani, alikuwa na shamba la minazi na nidhamu kali nyumbani, lakini kwa mtoto huyo alikuwa laini. Aliwahi kunisimamisha njiani akaniambia, "Huyu wangu, mwalimu, nataka afike mbali." Nami nilimwahidi kwamba atafika.

Azimio la kazi likafika kwenye asidi na besi. Asidi ni vile vitu vya ukali wa kuchachuka, kama ndimu na siki. Besi ni upande wa pili wake, kama maji ya jivu na sabuni. Kuvitambua kunahitaji kionyeshi, yaani kitu kinachobadilika rangi kikikutana navyo, na vitabu vilisema karatasi za litmasi. Karatasi hizo nilikuwa sijaziona hata chuoni. Nikakumbuka tulifundishwa kwamba manjano haya ya jikoni nayo ni kionyeshi. Nikanunua manjano dukani, nikachana shuka langu la zamani, nikakitia rangi kitambaa mpaka kikawa cha manjano kimekolea. Nikachuja maji ya jivu kwenye chupa. Nilifurahi mno siku ile hata chakula cha mchana sikula.

Nikawatoa watoto nje, wakakaa duara. Mwanahamisi akanyoosha mkono, nikampa kitambaa akikunjue mbele ya wenzake. Nikammiminia maji ya jivu. Kitambaa kikawa chekundu papo hapo, wekundu wa kukolea, na maji yakamtiririka mikononi mpaka kwenye viwiko, yakidondokea sare yake nyeupe. Duara zima likanyamaza. Mwanahamisi akanitazama, macho yamemtoka, lakini kitambaa hakukiachia, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia akishike.

Nikadhani ule ukimya ni wa kustaajabu. Nikasema, "Kalaleni nalo. Kesho nitawaambia." Kengele ikagongwa.

Asubuhi yake darasa la sita lilikuwa na watoto saba. Nikawauliza wenzao wako wapi, wakatazama chini. Mwalimu mkuu akaniita ofisini na kufunga mlango, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Umemfanya nini mtoto wa Athumani?"

"Nimemfundisha, Mwalimu Mkuu. Besi."

"Kijijini wanasema umemtia damu mikononi."

"Si damu. Ni manjano na maji ya jivu."

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu. "Wewe umetoka milimani, kwenu manjano mnatia kwenye mchuzi. Unajua huku manjano ni ya nani?"

Sikujua. Ndipo akanieleza. Dada mkubwa wa Mwanahamisi, Zainabu, alikuwa mwali aliyewekwa ndani, anasubiri harusi Ijumaa ya pili yake. Mwali wa pwani huwekwa ndani akasingwa, yaani akasuguliwa mwili kwa singo, mchanganyiko wa manjano, unga wa liwa wenye kunukia na maua makavu, mpaka ngozi ing'are. Manjano ndiyo rangi ya harusi yake na shuka lake. Na mimi, kwa akili zangu zote za chuo, nilikuwa nimechukua kitambaa cha manjano, nikakiweka mikononi mwa mdogo wake biharusi, nikakigeuza damu mbele ya watoto wa kijiji kizima, halafu nikawaambia wakalale nalo.

Walikuwa wamelala nalo. Usiku mmoja ulitosha. Watu wa bwana harusi, waliokuwa kijiji cha pili, walikwishapata habari kwamba manjano ya nyumba ile yamevuja damu, na walikuwa wametuma mtu kuomba harusi isimame kidogo watazame mambo. Na Mwanahamisi alikuwa amefungiwa nyumbani, hatakiwi kukanyaga shule.

Tulikwenda mimi na mwalimu mkuu. Mzee Athumani alikuwa barazani na wazee wenzake, na salamu yangu aliijibu kwa sababu tu salamu haiachwi bila kujibiwa. Nikaanza kueleza asidi, nikaeleza besi. Nilipofika kwenye neno kionyeshi, mzee mmoja akapiga miayo. Mzee Athumani akasema, "Mwalimu, mie sina elimu hiyo. Nilokiona ni mwanangu amerudi analia, mikono myekundu, na weye ulokuwapo hukumwambia kitu. Nilikupa mtoto umfundishe. Sasa nimemchukua."

Hapo nikafanya kosa la pili, kubwa zaidi. Nilikuwa nimeficha kipande kingine cha kitambaa kile na chupa ya maji ya jivu kwenye mfuko. Nikavitoa, nikasema nitawaonyesha, nikamimina. Kitambaa kilipogeuka rangi pale barazani, mwanamke aliyekuwa anachungulia mlangoni akapiga yowe, na wazee wakasimama. Mwalimu mkuu akanivuta shati. Sioni haya kusema kwamba machozi yalinitoka.

Ndipo akatoka Bi Mwanamvua. Alikuwa shangazi yake Mzee Athumani, na ndiye kungwi wa kijiji, yule anayemfunda mwali na kumsinga. Mikono yake ilikuwa ya manjano mpaka kwenye kucha. Nikasema, "Shikamoo, bibi." Akasema, "Marahaba. Lete hiko."

Akakishika kitambaa, akakinusa. "Jivu," akasema. "Hata sabuni hufanya hivi hivi. Niwaambie mara ngapi wanawake wa nyumba hii? Shuka la mwali halifuliwi kwa sabuni, litawaadhiri. Nipeni ndimu."

Akaletewa ndimu. Akaikamua juu ya kitambaa, akakifikicha kidogo, na wekundu ukaondoka, manjano ikarudi kama mwanzo. Baraza zima likatazama. Mwalimu mkuu, aliyechora asidi na besi miaka mingi bila kuviona, alikuwa wa kwanza kuketi.

"Basi shangazi," Mzee Athumani akasema taratibu, "ulikuwa unajua, na tangu jana umenyamaza?"

"Nani aloniuliza? Mmekaa wanaume barazani, mkaamua. Mie nilikuwa ndani na mwali." Kisha akanigeukia mimi, na hakunionea huruma. "Na weye kijana, ulikuwa na jibu mfukoni, ukamwacha mtoto aende nyumbani na mikono ile. Jibu ulikuwa ukimwekea nani?"

Nikakunja mfuko wangu, nikaaga. Swali lile ninalo mpaka leo.

Watu wa bwana harusi wakaonyeshwa kitambaa na ndimu, na harusi ikafungwa Ijumaa ile ile. Watoto walikuwa wamerudi darasani kesho yake baada ya baraza lile, isipokuwa Mwanahamisi, kwa sababu alihitajiwa kumsaidia dada yake. Nilimwomba Bi Mwanamvua aje shuleni, akaja na kikapu, akakaa kwenye kiti changu, akawafundisha darasa la sita manjano, jivu, sabuni, ndimu na siki kwa kipindi kizima. Nami nilisimama nyuma nikaandika ubaoni aliyoyasema, kila neno nikaliwekea jina lake la kitabuni. Mtihani ulipokuja hakuna aliyekosa swali lile.

Mwanahamisi alirudi wiki mbili baadaye. Alikuta tumefika kwenye umeme. Akachagua dawati la nyuma. Nilipouliza nani atanishikia waya, nilimtazama yeye, naye akatazama dirishani. Mkono ule sikuuona tena juu. Alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa kwenda sekondari, na siku hizo waliochaguliwa walikuwa wachache, kwa hiyo naweza kujidanganya kwamba hata bila kitambaa isingekuwa. Nilimwahidi babake, na ahadi ile haikutimia. Niliwahi kutaka kumwita kando nimweleze. Kila nilipotaka, niliona haya, nikasema kesho.

Baada ya miaka kadhaa nikahamishiwa Pangani mjini. Huko nilikwenda na kanuni mbili, na nimezishika mpaka nimestaafu. Kanuni ya kwanza, kila mada itafutiwe mtu anayeifanya kwa mikono yake, aje aketi kwenye kiti cha mwalimu. Ya pili, mtoto atakayeshika kitu mbele ya wenzake aitwe kando kabla, aambiwe sikioni kitakachotokea. Wengine na washangae, lakini anayeshika asishangae peke yake. Maswali ya kulala nayo sikuyaacha, maana yana faida kweli, ila niliacha kumpeleka mtoto nyumbani na hofu.

Pangani nilimleta fundi wa pantoni, ile feri inayovusha magari mtoni. Alikuja na beseni, ubao wa mti laini na mawe, akawaonyesha watoto jinsi malori yakipangwa upande mmoja chombo kinavyolala, na kwa nini yeye humfokea dereva anayetaka kuingia bila kungoja. Siku hiyo akatokea mkaguzi wa shule wa wilaya, mtu wa suti na peni mbili mfukoni. Akalichukua andalio langu la somo, akalisoma mara mbili.

"Mwalimu, hapa kwenye zana umeandika 'fundi'. Binadamu si zana."

"Nimwandike wapi, Bwana Mkaguzi?"

Akafikiri. Nyuma yetu fundi alikuwa akimkemea mtoto aliyeweka jiwe kubwa mbele: "Weye, wataka kuwazamisha abiria wangu?" Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi akajikuta amekaa dawatini, magoti yamegonga ubao, na hakuondoka mpaka kengele ilipolia. Katika ripoti yake aliandika kwamba mwalimu arekebishe andalio. Chini yake akaongeza kwa peni ya pili: "Fundi aitwe tena."

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Tanga mjini, kata ya Makorora, na huko tatizo halikuwa uhaba wa vitu, lilikuwa wingi wa watoto. Walikaa wanne dawati moja. Nilimleta mama mmoja muuza maandazi wa mtaani, akawakandia unga nusu na hamira na nusu bila hamira, nasi tukauvisha puto mdomo wa chupa yenye hamira na sukari, likajaa lenyewe taratibu huku watoto wakihesabu dakika. Mwalimu mkuu wa shule hiyo, mama mmoja makini asiyependa kelele, alituma mtoto aniambie kwamba harufu imefika ofisini na ofisi ina njaa. Tukampelekea maandazi matatu. Akala, akaja mwenyewe kuuliza puto lilijazwa na nini.

Nimestaafu sasa, nakaa hapa hapa Makorora. Walimu vijana hunijia, huniamkia shikamoo, huniuliza siri ya kufanya sayansi ipendwe. Nawaambia siri zimejaa mtaani, zimekaa vibarazani zinakaanga samaki na kuchaji betri, wazifuate. Wananionyesha video za majaribio, nyingine nzuri sana, nami nafurahi. Ila nawauliza ni mtoto gani ameshika nini. Video haitamlowesha mtu mikono.

Mwezi uliopita jirani yetu alikuwa akioza binti. Mke wangu alikuwa huko tangu asubuhi, akanipigia simu nipeleke ndimu na mkeka. Nilipofika kwenye mlango wa ua nikasita, maana humo ni mambo ya wanawake. Kungwi aliyeletwa alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya ua, mabinti wamemzunguka, mikono yake ya manjano mpaka kwenye kucha. Mbele yake palikuwa na beseni la maji ya sabuni.

"Nataka muone kwa nini shuka la mwali halifuliwi kwa sabuni," alikuwa akisema. "Nani atanishikia?"

Kibinti kimoja kikanyoosha mkono. Kungwi akampa kipande cha kitambaa cha manjano. Kisha, kabla ya kumwaga, akainama, akamnong'oneza kitu sikioni. Mtoto akatabasamu, akakaza mikono. Maji yakamiminwa, kitambaa kikawa chekundu, wenzake wakapiga kelele na kuruka nyuma. Yeye alibaki amesimama, anacheka.

Ile sauti kubwa kuliko umbo nilikuwa nimeshaitambua. Kungwi akainua macho akaniona mlangoni na ndimu zangu.

"Shikamoo, Mwalimu Makopo."

"Marahaba, Mwanahamisi." Nikampa ndimu, nikautua mkeka chini. "Bi Mwanamvua amekurithisha."

"Kaniachia yote, Mungu amrehemu. Najua kukipaka, najua kukirudisha." Akaikata ndimu, akaikamua, manjano ikarudi mbele ya macho ya mabinti wote. "Ila kwa nini huwa hivi, Mwalimu, hilo bibi hakulijua. Nilikuwa nyumbani na Zainabu siku alokuja kuwafundisha wenzangu. Nilivorudi mlikuwa kwenye umeme." Akajifuta mikono kwenye kanga, akanitazama vile vile kama siku ile, macho yake moja kwa moja kwangu. "Uliniambia kesho."

Mke wangu akanisogezea kigoda. Nikaketi kati ya wanawake, nikamwomba Mwanahamisi ile ndimu iliyobaki na kikombe cha maji ya sabuni, nikaanza somo pale nilipoliacha.